Soketi Inawaka, Lakini Ringi Imekatika

Saketi ya soketi iliyofungwa kwa mtindo wa ringi, yaani waya unaozunguka soketi zote na kurudi ulipoanzia, inaweza kukatika waya katikati bila mtu yeyote nyumbani kujua. Friji itaendelea kunguruma, pasi itapata moto, simu zitaendelea kuchajiwa. Fundi aliyeitwa kuongeza soketi sebuleni atachomeka tesita, ataona kitaa kinawaka, atapokea ujira wake na kuaga. Ndani ya ukuta, waya uliopaswa kubeba nusu ya mzigo sasa unabeba mzigo wote, na breka iliyoko mlangoni haina namna ya kulitambua hilo.

Jambo hili linastahili kujadiliwa sasa kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu nyumba za Afrika Mashariki zinaongezewa soketi kwa kasi. Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Kenya nako, kampuni ya Kenya Power imekuwa ikiwahamasisha wateja kupika kwa umeme kupitia kampeni yake ya Pika na Power. Jiko la presha la umeme, jiko la induksheni, birika, kikaangio cha hewa: kila kimoja kinadai tundu lake ukutani, na jikoni nyingi zilijengwa zikiwa na soketi moja ya friji na nyingine ya pasi. Ni habari njema kwa mapafu ya wapishi na kwa misitu. Lakini mzigo wote huo unaingia kwenye nyaya zilizolazwa kwa hesabu ya redio, friji na taa ya mezani.

Ringi yenyewe ni mtoto wa Uingereza. Mwaka 1942, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiwa bado inaendelea na miji ikiwa imebomolewa kwa mabomu, taasisi ya wahandisi wa umeme ya huko, IEE, iliunda kamati ya kufikiria umeme wa nyumba zitakazojengwa vita ikiisha. Mwanamke pekee katika kamati hiyo alikuwa Caroline Haslett, mhandisi aliyetumia maisha yake kutetea usalama wa umeme kwa akina mama wa nyumbani, na aliyesisitiza kwamba mtoto asiweze kuingiza kitu kwenye tundu la soketi. Taarifa ya kamati ilitoka 1944. Miaka mitatu baadaye, 1947, kikatoka kiwango kinachoitwa BS 1363: plagi ya pini tatu za mstatili, fyuzi ndani ya plagi, na vifuniko vidogo ndani ya soketi ambavyo hufunguka tu pini ndefu ya ethi inapoingia kwanza.

Plagi hiyo ndiyo iliyoko leo Mombasa, Kampala, Zanzibar na Dar es Salaam. Ilikuja na utawala wa Kiingereza, ikazikuta plagi za pini za duara za kiwango cha 1934, na taratibu ikazisukuma pembeni, ingawa nyumba kongwe za mwambao bado zina soketi za duara hapa na pale. Pamoja na plagi likaja wazo la ringi, na kanuni za IEE zikawa kitabu cha mafundi wa ukanda huu kwa vizazi kadhaa.

Wazo lenyewe lilikuwa la busara. Badala ya kila soketi kuwa na waya wake kutoka kwenye boksi la breka, waya mmoja unatoka, unapita soketi baada ya soketi, kisha unarudi palepale ulipoanzia. Laini inarudi kwenye breka ileile, nyutro inarudi kwenye nyutro, ethi kwenye ethi. Kila soketi basi inalishwa kutoka pande mbili, kama mtaa wenye njia mbili za kutokea barabara kuu. Ndiyo maana waya wa milimita za mraba 2.5, ambao peke yake usingeruhusiwa kuwekwa nyuma ya breka ya ampea 32, unaruhusiwa ukiwa umezungushwa. Shaba ikaokolewa, na soketi zikawa nyingi: kanuni za Uingereza haziweki kikomo cha idadi ya soketi kwenye ringi, ila kwa kawaida ringi moja huhudumia eneo lisilozidi mita za mraba 100.

Usalama wote wa mpango huu umesimama juu ya neno moja, "pande mbili." Upande mmoja ukitoweka, hesabu nzima inaanguka.

Tuchukue jikoni. Jiko la induksheni la wati 2,000, birika la wati 2,000, oveni ndogo ya wati 1,500 na pasi ya wati 1,200 vikiwaka pamoja vinafika wati 6,700, yaani karibu ampea 29 kwa umeme wa volti 230. Kwenye ringi nzima ya mita 60, mizigo hiyo ikiwa katikati ya mzunguko, kila upande unabeba nusu, ampea 14 na ushee, na waya unalala usingizi. Ikiwa jikoni ipo mita 10 tu kutoka boksi la breka, umeme haugawanyiki sawa. Unapenda njia fupi. Upande wa mita 10 utabeba kama ampea 24, na upande wa mita 50 utabeba 5 tu. Huu ni ukweli ambao mafundi wengi hawaambiwi chuoni kwa uzito unaostahili: hata ringi isiyo na kasoro inaweza kuzidiwa upande mmoja ikiwa vifaa vizito vyote vimerundikwa karibu na mwanzo wake. Kanuni za Uingereza zinataka ipangwe ili hakuna sehemu ya waya inayobeba zaidi ya uwezo wake kwa muda mrefu, na uwezo huo usipungue ampea 20.

Sasa ikate ringi hiyo. Ampea zote 29 zinapita upande mmoja. Waya wa 2.5 uliopita kwenye bomba la plastiki ukutani una uwezo wa kama ampea 24, na uwezo huo umepimwa kwa hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi. Dari la nyumba ya bati mjini Dar es Salaam, Februari saa nane mchana, halina nyuzi 30. Likiwa na 40, waya huohuo unashuka hadi kama ampea 21. Likifika 50, unabaki na 17.

Na breka? Breka ya ampea 32 haikatiki kwa ampea 29, na wala haikatiki mara moja kwa 33. Kiwango chake cha kimataifa kinaitaka ivumilie ampea 36 kwa saa nzima bila kukata, na ikate ndani ya saa moja mzigo unapofika kama ampea 46. Kwa hiyo waya unaweza kupika ganda lake la plastiki kila jioni ya mapishi, mwaka baada ya mwaka, na breka ikawa imefanya kazi yake sawasawa bila kuguswa. Watu husema breka "haikuruka, kwa hiyo hakukuwa na tatizo." Breka hailioni tatizo la namna hii kwa sababu yenyewe imewekwa kwa kuamini kwamba nyaya ni mbili.

Ringi hukatika vipi? Mara nyingi siku ileile ya kuongeza soketi. Fundi anafungua soketi ya zamani, anavuta nyaya mbele ili apate nafasi, waya mmoja wa laini unachomoka kwenye skrubu yake bila kuonekana, soketi inarudishwa ukutani. Au nyaya tatu zinabanwa kwenye tundu lililotengenezwa kwa mbili, na mmoja unabaki umelegea. Au soketi ya zamani inaondolewa kabisa ili ukuta upigwe lipu, na ncha zake zinafungwa tepu nyeusi kila moja peke yake badala ya kuunganishwa.

Katika nyumba yenye ringi, mtu anayetaka soketi mpya ana njia tatu zilizo halali, na tofauti kati yake ni kubwa.

Ya kwanza, na iliyo bora kuliko zote, ni kuirefusha ringi yenyewe. Waya kati ya soketi mbili unafunguliwa, nyaya mbili zinapelekwa mpaka mahali papya, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na soketi mpya inakuwa mwanachama kamili wa mzunguko. Inahitaji waya maradufu na kutindua ukuta zaidi, na hapo ndipo wenye nyumba wengi wanapoikataa. Inasikitisha, maana gharama ya mita chache za waya ni ndogo mbele ya kinacholindwa.

Ya pili ni tawi, ambalo mafundi hulijua kwa jina la spa. Waya mmoja tu unatoka nyuma ya soketi iliyopo kwenye ringi na kwenda kulisha soketi mpya. Hauna njia ya kurudi. Kwa sababu hiyo sheria yake ni kali na fupi: tawi lisilo na fyuzi linalisha soketi moja tu, iwe ya tundu moja au ya matundu mawili, na idadi ya matawi yote ya namna hiyo isizidi idadi ya soketi zilizo kwenye ringi yenyewe. Soketi ya matundu mawili hupimwa kiwandani kwa jumla ya ampea 20, si 26 kama wengi wanavyodhani kwa kujumlisha 13 na 13. Waya mmoja wa 2.5 unaweza kuvumilia soketi moja ya namna hiyo. Ukiongeza ya pili nyuma yake, yaani tawi juu ya tawi, umefungua mlango wa ampea 40 kwenye waya wa 24, na breka ya 32 haitakuokoa.

Tawi juu ya tawi ndilo kosa lililoenea zaidi, na linaeleweka kwa nini. Chumba cha mtoto kiliongezwa nyuma ya nyumba. Soketi yake ikatolewa kwenye soketi ya ukumbi. Baadaye banda la kuku likahitaji taa na hita ya vifaranga. Umeme wake ukatolewa kwenye soketi ya chumba cha mtoto. Kisha duka dogo uani, na friji ya soda. Kila fundi aliyekuja alichukua umeme mahali palipokuwa karibu, na kila mmoja aliacha kitu kinachowaka.

Njia ya tatu ipo kwa ajili ya hali hiyo hasa: swichi ya ukutani yenye fyuzi ndani yake. Inawekwa mwanzoni mwa tawi, na fyuzi yake haizidi ampea 13. Nyuma yake soketi zinaweza kuwa nyingi kadiri ya mahitaji, kwa sababu zote kwa pamoja zinabanwa na fyuzi moja. Ampea 13 kwa volti 230 ni kama wati 3,000. Zinatosha televisheni, redio, ruta, chaja, kompyuta na taa za mezani bila wasiwasi. Hazitoshi birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwa wakati mmoja, ingawa ziada ndogo kama hiyo fyuzi inaweza kuivumilia kwa muda mrefu bila kuungua. Kifaa hiki hakina umaarufu katika maduka yetu ya vifaa vya umeme, nacho ni cha bei nafuu. Mwenye nyumba anayekitaja kwa fundi wake amekwisha kumwambia kwamba anafuatilia.

Kabla ya kuchagua njia yoyote, lipo swali linalotangulia: soketi iliyopo hapo ukutani ni ya ringi kweli? Nyumba nyingi za ukanda huu hazina ringi. Waya unatoka kwenye breka ya ampea 20, unapita soketi kadhaa na kuishia kwenye ya mwisho. Huo ni mpango mzuri ukiheshimiwa, na nchi nyingi za Ulaya bara hazijawahi kutumia mwingine. Hatari iko kwenye nyumba ambayo waya umefungwa kwa mtindo huo wa kuishia mwisho, halafu mtu akaondoa breka ya 20 iliyokuwa "inasumbua" na kuweka ya 32. Mpango wa njia moja umepewa breka ya njia mbili. Kazi ya kwanza katika nyumba kama hiyo ni kurudisha breka ya 20. Soketi mpya ije baadaye.

Kuhesabu nyaya kunasaidia kiasi. Nyumba zetu nyingi hupitisha nyaya mojamoja kwenye mabomba ndani ya ukuta: nyekundu ya laini, nyeusi ya nyutro, kijani ya ethi, au kwa rangi mpya kahawia, bluu, na kijani yenye mstari wa njano. Soketi yenye waya mmoja wa kila rangi ni mwisho wa tawi au mwisho wa njia, na ikiwa ni tawi hakuna cha kuongeza hapo bila fyuzi. Yenye nyaya tatu za kila rangi tayari ina tawi. Yenye mbili ndiyo inayodanganya. Inaweza kuwa kwenye ringi, na inaweza pia kuwa soketi ya katikati kwenye tawi juu ya tawi la fundi aliyetangulia. Kwa macho hazitofautiani hata kidogo.

Kinachozitofautisha ni kipimo, na hapa ndipo kazi ya fundi aliyesoma inapoachana na ya mwenye bisibisi na tesita tu.

Umeme unazimwa kwenye meinswichi, si kwenye breka ya saketi peke yake, maana zipo nyumba ambazo mtu aliunganisha ringi mbili kwa bahati mbaya na soketi inabaki hai hata breka yake ikiwa chini. Fundi anakithibitisha kifaa chake mahali penye umeme, anapima soketi, kisha anarudi kukithibitisha tena. Baada ya hapo anachomoa ncha mbili za laini za ringi kwenye breka na kupima ukinzani kati yake. Waya wa shaba wa 2.5 una ukinzani wa kama miliomu 7.4 kwa kila mita, hivyo ringi ya mita 60 isome karibu omu 0.44. Anafanya hivyohivyo kwa nyutro, na isome karibu sawa, kisha kwa ethi. Kipimo kikikosa kusoma chochote, ringi imekatika, na kazi ya siku hiyo imebadilika: inatafutwa palipokatika kwanza.

Hatua inayofuata ni nzuri kuitazama fundi hodari akiifanya. Anaunganisha ncha moja ya laini na ncha ya pili ya nyutro, na zile nyingine vilevile kwa kupishanisha, kisha anazunguka nyumba nzima akipima kila soketi kati ya laini na nyutro. Kwenye ringi iliyo salama kila soketi inasoma karibu namba ileile, robo ya jumla ya zile mbili za mwanzo. Kwa mfano wetu, omu 0.22. Soketi inayosoma zaidi imejitenga na ringi. Ikisoma 0.34, ipo kwenye tawi la kama mita 8, na hesabu hiyo inafanyika bila kutindua tofali hata moja. Tawi juu ya tawi linajianika lenyewe: namba inapanda kwenye soketi ya kwanza, inapanda tena kwenye ya pili. Vipimo hivi vinafanywa kabla ya kuongeza kitu, na vinarudiwa baada ya kuongeza. Mwisho kinapimwa kizuizi cha ganda la nyaya kwa volti 500, vifaa vyote vikiwa vimechomolewa, na kisipungue megaomu moja.

Multimita ya kawaida ya dukani inayumba kwenye namba ndogo kiasi hiki. Fundi anayefanya kazi hii mara kwa mara anahitaji kipimo maalumu cha ukinzani mdogo, na gharama yake ni sababu mojawapo halali ya fundi mmoja kutoza zaidi ya mwingine.

Uingereza imejifunza thamani ya namba hizo kwa uchungu. Mwaka 2007, katika mji wa West Bromwich, mwanamke kijana alifariki katika fleti mpya baada ya skrubu ya ukuta wa jasi kutoboa kebo. Uchunguzi ulibaini kwamba fomu ya vipimo ilikuwa imejazwa namba ambazo hazikutokana na upimaji wa kweli. Karatasi ilionyesha nyumba salama, na watu waliiamini.

Miaka mitatu kabla yake, 2004, mwanamke mwingine alifariki jikoni kwake London. Kebo ya feni ya kuvuta moshi ilikuwa imepitishwa mshazari ndani ya ukuta, na skrubu ya kining'inizo cha chuma cha vyombo ikaigusa. Alishika kining'inizo huku akigusa mashine ya kuoshea vyombo. Kebo hiyo ingeshuka wima kutoka kwenye swichi yake, au kwenda mlalo, aliyefunga kining'inizo angekuwa na nafasi ya kukisia ilipo. Ndiyo maana kanuni zinataka waya upite wima au mlalo kutoka kwenye soketi inayoonekana, au ndani ya ukanda wa sentimita 15 kutoka pembe ya ukuta au dari. Mshazari unaokoa mita moja ya waya, lakini anayekuja na dreli siku nyingine hana namna ya kujua.

Kwa Afrika Mashariki lipo jambo la ethi ambalo vitabu vya Uingereza hulipa nafasi ndogo. Huko, nyumba nyingi hupewa ethi na kampuni ya umeme pamoja na laini ya mtaani. Kwetu, mara nyingi ethi ni fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini nyuma ya nyumba. Ardhi ikiwa kavu au ya kichanga, fimbo hiyo inaweza kuwa na ukinzani wa omu 100 au zaidi. Jiko la chuma likipata hitilafu na laini ikagusa bodi yake, kinachopita kwenda ardhini ni volti 230 gawanya kwa 100: ampea 2.3. Breka ya 32 haitajua lolote, wala ya 20, wala fyuzi ya 13. Bodi ya jiko itabaki na umeme mpaka mtu aishike.

Kinachookoa ni breka ya kukinga mshtuko, ile mafundi wanayoiita RCD au RCCB, yenye alama ya miliampea 30. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na ikikuta hata sehemu ndogo imepotelea ardhini inakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Soketi mpya isiwekwe katika nyumba isiyo na kifaa hicho. Ikiwa bajeti inaruhusu kimoja tu, RCD ianze, soketi isubiri. Ina kitufe cha kujaribia ambacho kinapaswa kubonyezwa mara kwa mara. Kisipokata, kifaa kimekufa. Lakini RCD haijui mzigo uliozidi. Ringi iliyokatika na kuchemka haitamshtua mlinzi huyu, kwa sababu umeme wote unaokwenda unarudi.

Waya wenyewe nao uangaliwe. Sokoni kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba kwa juu, zikiuzwa kwa jina la shaba. Kisu kikikwangua uzi mmoja na ndani kukatokea rangi ya fedha, jibu limepatikana. Alumini ina ukinzani wa zaidi ya mara moja na nusu ya shaba, hulegea kwenye skrubu kwa kupata joto na kupoa, na ukiunganisha kipande chake kwenye ringi ya shaba umeweka kiungo dhaifu mahali usipopaona. Roli nyepesi kuliko ilivyozoeleka itiliwe shaka hata kabla ya kisu.

Kuna pia kalamu. Kila mtu ameiona: chaja ya pini mbili za duara haiingii, mtu anasukuma kalamu kwenye tundu la ethi, vifuniko vinafunguka, chaja inakaa. Kwa tendo hilo kinga aliyoipigania Haslett kwa ajili ya watoto imeondolewa, na fyuzi ya kwenye plagi imerukwa kabisa, maana plagi ya pini mbili haina. Waya mwembamba wa chaja sasa unalindwa na breka ya ampea 32. Nyumba ikiongezewa soketi za kutosha lakini plagi za kubadilishia zisinunuliwe, kalamu itarudi.

Kisheria, kazi ya nyaya za umeme Tanzania Bara inafanywa na mwenye leseni ya mamlaka ya EWURA, na Kenya mwenye leseni ya mamlaka ya EPRA, kwa madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Kuomba kuona leseni hakumvunjii fundi heshima. Aliye nayo huitoa haraka. Na mwenye nyumba anayo haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kazi: hii ni ringi au siyo, soketi yangu mpya itakuwa kwenye ringi au kwenye tawi, na utaniandikia vipimo gani? Anayejibu la tatu kwa kusema "ikiwaka tu ujue iko sawa" asipewe kazi.

Ndani ya Uingereza kwenyewe wapo wahandisi wanaoona ringi imemaliza zamu yake, na kwamba njia kadhaa fupi zinazoishia mwisho, kila moja na breka yake ndogo, ni rahisi kupima na haziwezi kukatika kwa siri. Ukikata waya wa njia kama hiyo, soketi za mbele zinazimika na watu wanalalamika siku hiyohiyo. Kwa anayejenga sasa, na aliyedhamiria kupika kwa umeme, hoja hiyo ina nguvu. Jiko lipewe njia yake. Kaunta ya jikoni ipewe nyingine, ya waya wa milimita 4 ikiwa breka itakuwa ya 32, na sebule na vyumba vigawane njia za ampea 20. Boksi la breka linunuliwe lenye nafasi za ziada. Kabla ya lipu, kila ukuta upigwe picha kwa simu, mabomba yakionekana na futi ikiwa imenyooshwa kando yake, na picha hizo zihifadhiwe pamoja na karatasi ya vipimo ndani ya mlango wa boksi, ili fundi atakayeitwa kuongeza soketi ya chumba cha nyuma ajue waya unapita wapi na ulikuwa unasoma omu ngapi.